Kibofu Changu na Arusi ya Lusenda

Ugonjwa ulioingia ndani ya mgongo wangu ulinilegeza miguu yote miwili. Miguu ilirudi polepole, nikaanza tena kuzunguka mji wa Baraka nikiuza vitenge. Kibofu hakikurudi. Daktari alinieleza kwamba habari za kichwani hazikifikii sawasawa: kinajaa bila kunijulisha, kisha kinamwaga kinapotaka.

Nikaona dawa ni kuacha kunywa maji. Nilichopata ni homa na mkojo wa kuchoma. Muuguzi aliyenitibu hakunigombeza. Alinipa mrija mwembamba, ule tunaouita sonde, na kioo kidogo cha kujiangalia, akanifundisha kunawa mikono vizuri na kujitoa mkojo mwenyewe kila baada ya saa chache. Mara ya kwanza nilikosa njia, tukacheka wote wawili.

"Mama, we kunywa maji," akaniambia. "Usingojee kibofu ikuite. We ndiye utaiita."

Basi nikarudi kwenye kwaya ya kanisa, niliyokuwa nimeiacha. Siku moja tulialikwa kuimba kwenye arusi huko Lusenda, kambi ya wakimbizi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, pikipiki ikakwama hapa na pale, na saa yangu ya sonde ikafika kabla hatujafika kanisani. Nikamwomba dereva anishushe kwenye nyumba ya kwanza ya kambi. Mama mmoja Mrundi alikuwa akimenya mihogo. Nilimwomba maji safi na mahali pa kujisitiri. Akanipa pamoja na sabuni, akatundika kitenge mlangoni pa bafu.

Nilipotoka aliuliza ni ugonjwa gani unaotaka sabuni nyingi hivyo. Nikamweleza yote.

"Baba yangu iko ndani," akasema. "Tangu kiharusi kimupige, hatokake tena, juu ya mukojo. Hata kanisa anakatala."

Nikaingia kumsalimia. Mzee alikuwa amegeukia ukuta. Nilimwambia kwamba nami ninasumbuliwa na kibofu, na hapa ninakwenda kuimba. Akageuka, akaikagua sare yangu ya kwaya kutoka juu hadi chini.

"Na nguo haijalowa?"

"Hapana, baba. Iko kavu."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikawasihi waende kituo cha afya, kwa maana ugonjwa wake huenda ukataka tiba nyingine.

Nilifika arusini wimbo wa kwanza umekwisha. Baadaye yule mama alinikuta sokoni Baraka, akanieleza kwamba baba yake alipewa vidonge na saa maalumu za kwenda chooni, bila sonde. Sasa anasali kanisani kila Jumapili, karibu na mlango, na analalamika kwamba kwaya yao inaimba ovyo.