Wifi Yangu Alipoacha Kutetemeka

Wifi yangu alizaliwa Upareni, kwenye milima ya Same ambako asubuhi ukungu unaingia hadi jikoni. Mimi nimezaliwa Ilala, Dar es Salaam, na kitu kirefu zaidi nilichokuwa nimewahi kupanda ni ngazi za ghorofa. Basi alipotangaza nyumbani kwake Dallas, sahani za pilau zikiwa bado mezani, kwamba mwaka huu anapanda mlima mrefu kuliko yote Texas na mimi nitamsindikiza, hakuna aliyeniuliza ninaonaje.

"Si unatembea kila Jumamosi?" aliniambia.

Kweli nilikuwa natembea. Sisi tunaishi Alief, huku Houston, na Jumamosi huzunguka bustani moja karibu na Sugar Land, mahali tambarare kama meza. Lakini wifi hakataliwi. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, na hadi leo, ingawa mume wangu ana mvi, wifi bado anamkumbusha kuvaa sweta. Mimi alinipenda kwa namna yake, yaani kwa kunisahihisha. Chai yangu haina tangawizi ya kutosha. Watoto wanajibu Kiingereza kwa sababu mama yao mvivu. Nilishazoea kusema, "Sawa, wifi," na kuendelea na shughuli zangu.

Daktari alikuwa amemwambia sukari yake inapanda, ndipo akaanza kutembea. Na wifi hafanyi kitu nusunusu.

Tuliondoka Dallas mwezi wa Januari, mume wangu akiendesha. Kutwa nzima barabara nyoofu, visima vya mafuta, vichaka, halafu jangwa, na mwisho wa jangwa milima imesimama kama ukuta. Tulilala kwenye hoteli ndogo ya njiani. Asubuhi tukaamkia jua na anga safi, nikajiona mjinga kwa hofu niliyokuwa nayo. Mume wangu goti lake bovu, kwa hiyo yeye angetusubiri kwenye maegesho.

Kwenye ofisi ya geti la hifadhi ya mlima ule tulimkuta mwanamama askari wa hifadhi. Alitazama viatu vyetu, kisha jinzi ya wifi na fulana yake ya pamba.

"Mchana upepo utakuwa mkali na baridi itazidi ghafla," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Upande usiopigwa jua njia ina barafu. Na mkiona wingu limefunika kilele, msibishane nalo. Rudini."

"Mwambie mimi nimezaliwa mlimani," wifi aliniambia kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Sikutafsiri. Nilimshukuru yule mama, tukaanza kupanda.

Mwanzo wa njia una mwinuko mkali sana. Tulitoka jasho kama tuko Dar. Wifi alivua jaketi akalifunga kiunoni, na tulipopumzika niliona mgongo wa fulana umelowa wote.

"Wifi, vaa jaketi."

"Una baridi wewe?"

"Hapana, lakini umelowa."

"Basi twende, nitakauka."

Njia ilipopinda na kuingia kivulini, kila kitu kikabadilika. Jua likabaki upande wa pili. Barafu ilikuwa imelala juu ya mawe, nyembamba, huioni mpaka umeikanyaga. Tulipita tukishika matawi ya misonobari, mguu mmoja kwanza, halafu mwingine. Vijana wawili waliokuwa wakishuka walisimama kutupisha. Mmoja akatuambia kule juu hawakuweza hata kusimama. Wifi akawatakia safari njema, akaendelea.

Tulipotokeza kwenye uti wa mlima, upepo ulinipiga kifuani nikakaa chini bila kutaka. Sijawahi kukutana na upepo kama ule. Ulikuja kwa vishindo. Unatulia kidogo, nawe unajiamini, halafu unakusukuma kama mtu mwenye hasira. Kofia yangu ilichukuliwa, nikaiona ikienda bondeni. Kilele tulikuwa tumekiona muda mfupi uliopita. Sasa wingu la kijivu lilikuwa limekaa juu yake, na lilikuwa linashuka kutufuata, likirusha chembe za barafu zinazochoma mashavu.

"Ni hapo tu," wifi alipiga kelele. "Tume-drive kutwa nzima halafu turudi? Wewe unatembea kama bibi harusi!"

Akavaa jaketi hatimaye, lakini vidole vilikuwa havimtii. Nikamfungia zipu mimi. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Tukaendelea, mimi nyuma, yeye mbele akilalamika, na wingu likatumeza.

Kilichonishtua ni ukimya. Nilitambua kwamba kwa kitambo kizuri wifi hakuwa amenisema kwa lolote. Glavu yake moja ilianguka, akaikanyaga na kupita. Nikaiokota, nikamwita. Aligeuka taratibu, akaniambia maneno kwa Kipare, na Kipare mimi sikijui. Ulimi wake ulikuwa mzito. Halafu nikaona hatetemeki tena. Alikuwa anahangaika na zipu ya jaketi, anataka kulivua.

"Joto," alisema.

Mimi nafanya kazi maabara, hospitalini. Wagonjwa wenyewe siwagusi. Lakini majira yale umeme ulipokatika Texas kwa sababu ya baridi, manesi walikuwa wakizungumza tukinywa chai. Walisema anayetetemeka bado anapigana. Aliyeacha, huyo ndiye wa kumhofia.

Nilimshika mkono. "Tunashuka."

"Niache, we mtoto wa watu."

"Kaa chini!"

Sikuwahi kumpandishia sauti. Alikaa, na utii wake ulinitisha kuliko upepo. Nilimburuta nyuma ya mwamba, nikamvua ile fulana iliyokuwa baridi kama samaki, nikamvisha sweta langu la sufu la akiba, nikamfunga kanga kichwani na shingoni, na jaketi juu. Nilimnywesha chai ya moto kutoka kwenye chupa, kwa mafunda madogo. Nikatoa tende, nikasita kwa ajili ya sukari yake, kisha nikamtia mdomoni hivyo hivyo. "Tafuna, wifi. Tafuna." Alitafuna akinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wapi tulionana.

Kushuka kwenye barafu ni kubaya kuliko kupanda. Nilimketisha, nami nikakaa nyuma yake nimeshika mkanda wa begi lake la mgongoni, tukajisogeza kwa makalio kama watoto. Mahali pamoja kisigino chake kiliteleza. Alienda, nami nikaenda naye. Niliona ukingo wa njia, na baada ya ukingo weupe mtupu. Mguu wangu ukajikita kwenye shina la mti, mkanda ukalia kwa kukatika uzi, tukaacha kuteleza. Nikaanza tena kumsogeza, kidogo kidogo, nikimtajia kila jiwe la kuweka mguu.

Chini ya wingu upepo ulipungua. Nilihisi mkanda niliokuwa nimeshika ukitikisika, nikadhani ni mikono yangu mwenyewe. Kumbe ni yeye. Alikuwa ameanza kutetemeka upya, mwili mzima.

"Umelichana begi langu," alisema, kwa Kiswahili.

Nililia pale pale, na sikujificha.

Barafu ilipokwisha tulikutana na yule mwanamama wa hifadhi na mwenzake wakipanda na mablanketi. Mume wangu alikuwa ameona kilele kikipotea akaenda kuwaomba. Yeye tulimkuta chini, amesimama katikati ya maegesho bila koti. Katika hospitali ya mji wa jirani walimpasha wifi joto, wakampima sukari, wakamwambia ncha za vidole zitabaki na ganzi kwa muda.

Asubuhi ya mwisho Dallas, kabla sisi hatujaondoka kurudi Houston, nilikuwa naye jikoni kwake. Alikuwa anakwaruza tangawizi kwa mkono mmoja kwa sababu vidole vya mwingine bado havikuwa na hisia.

"Kule juu nilikuwa nasema nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Sijui, wifi. Ulisema Kipare."

Akakwaruza kidogo, akaacha.

"Nilidhani wewe ni mama. Nilikuwa namwomba anifungulie mlango, kwamba nimerudi na kuni, nimelowa." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Kumbe ulikuwa wewe unanivisha sweta."

Nilitaka kumjibu, lakini mume wangu aliingia kutuambia gari liko tayari, naye wifi akamgeukia akamuuliza koti lake liko wapi.