Azarias Anafundishwa Kusikiliza

Mwaka ule balimu balikusanywa katika muji wa Baraka bafundishwe kusikiliza batoto wenye huzuni. Azarias, mwalimu wa kabila la wachungaji wa ngombe wa milimani, akapangwa na Albert, mwalimu wa kabila la Babembe, balimaji wa kijiji cha Lubondja. Mukufunzi akamuambia Azarias: asipomufanya mwenzake aseme shida yake, atapoteza kazi.

Albert akamugeuzia mugongo. "Niulize basi, we mutoto wa ngombe!"

Azarias hakuuliza. Alikaa kando yake mpaka Albert akashindwa kujizuia.

"Kiangazi ngombe zenu zilishuka, zikakula mihogo yote ya mama yangu. Tulilala njaa!"

Mukufunzi akapiga makofi. "Umefaulu, Azarias! Amesema!"

"Amefaulu?" Albert akatema mate chini. "Basi anijibu!"

Ngombe zilizoshuka Lubondja zilikuwa za baba yake Azarias.