Wiki ya Siku Nane

Kwanza nilisikia gambuti zikigongwa kwenye ngazi ya saruji, mara mbili kwa kila mguu, zikiangusha tope la Suam. Halafu mlango ukafunguka, ndipo nikamwona mke wangu. Miaka mitatu tuliyokaa Kitale, katika vyumba viwili nyuma ya kinu cha unga, alinifikia hivyo: mlio kwanza, uso baadaye.

Alikuwa mkaguzi wa mimea mpakani, huko Suam. Alipekua miche na magunia ya mahindi yanayovuka kutoka Uganda, akitafuta wadudu. Alifanya kazi siku sita, akapumzika mbili, akaanza sita nyingine, bila kujali wiki iko wapi. Siku za kazi alilala hukohuko. Mimi nilichora kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini: kadi za harusi, vitabu vya risiti, na mwaka ukikaribia kwisha, kalenda za ukutani zenye mwenye bucha akitabasamu juu ya miezi kumi na miwili. Nilipumzika Jumapili tu. Jioni niliandika riwaya ambayo hata leo haijaisha.

Nilichukua penseli nikahesabu. Tulikuwa na Jumapili mbili zinazofuatana, kisha sita tupu. Siku nyingine alikuja nikiwa kazini, akafua, akapika, akanifunikia chakula kwa sahani. Tulipata usiku mmoja wa watu waliochoka, na kesho yake nikirudi nilikuta sufuria bado ina vuguvugu.

Mtu mwingine angetafuta namna ya kupata siku za mapumziko. Mimi nikaona kosa ni la wiki.

Nikaanza kuchora kalenda ya siku nane. Siku za Kiswahili, nilijiambia, tayari zina ufa: zinahesabika vizuri kutoka Jumamosi hadi Jumatano, ya tano, halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Katika ufa huo nikaingiza siku mpya, nikaiita Jumasita. Nikagawa mwaka katika wiki arobaini na tano, na siku zilizobaki nikazifanya sikukuu zisizo na wiki, mwishoni, kama mahindi yanayobaki kwenye ungo. Kila mtu angefanya kazi siku sita na kupumzika mbili. Mapumziko yangu na yake yangekutana daima. Niliamini hivyo kwa bidii ambayo sasa inanitia aibu.

Nilimwonyesha rasimu ya kwanza mezani. Aliweka kidole kwenye miraba niliyoipaka rangi ya kijani.

"Hapa niko," alisema. "Na hapa niko. Na wewe?"

"Hapohapo. Kila mahali ulipo, nipo."

Alicheka, akanishika shingo. "Wewe mtu wa vitabu! Sasa nani atatupa hizi siku?"

Nilinoa penseli.

Marafiki zangu wa kikundi cha waandishi walinipokea kwa kelele. "Niaje, baba siku!" Mmoja, mshairi anayeuza simu, aliuliza, "Ati Jumasita? Bana, si hiyo ndiyo siku ya kupona pombe?" Nilicheka nao, lakini nilienda nyumbani nikachora tena. Nilichora majira ya kupanda na ya kupalilia, Pasaka na Krismasi, siku za kufungua shule. Riwaya ikawekwa kando.

Jumapili moja, wakati wa palilio la kwanza, nilisikia gambuti kwenye ngazi. Nilikuwa nimeinamia mwezi wa tano. Nilishangaa, kwa kuwa kwa hesabu yangu zamu yake ilikuwa bado siku mbili imalizike. Alisimama mlangoni na mfuko wa parachichi, uso unang'aa kwa jambo alilotaka kulisema.

"Leo kwenye kalenda hauko," nilimwambia.

Nilikuwa natania, nusu. Niliuinua uso kidogo, nikaurudisha kwenye rula. Nilikuwa katikati ya mstari.

Alimenya parachichi moja, akaniwekea karibu na kiwiko. Nilikula nikichora. Alasiri alisema atapitia kwao Misikhu kumsalimu mama yake, akaondoka. Nilidhani amebadilishana zamu na mwenzake. Baada ya hapo alikuja mara chache zaidi. Alisema wenzake wawili wamehamishwa, mapumziko yamepunguzwa. Nikafuta miraba ya kijani, nikaihamisha.

Kalenda ilipokamilika niliipeleka kwa mwenye kiwanda, mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, na ambaye huchapa hata siku umeme ukiyumba. Nilimwomba mambo mawili: aichape, na kiwanda chake kiwe cha kwanza kuifuata. Alivaa miwani, akaigeuza geuza.

"Kijana wangu, Jumapili yako hapa imeangukia Jumatano ya watu. Sasa hiyo ibada utaimba na nani?"

"Watu watazoea, mama."

"Na siku ya soko? Mtu aje na kuku wake, akute uwanja hauna mtu?" Alivua miwani. "Ngoja. Haya yote ni ya nini?"

Nikamweleza kuhusu mke wangu. Akaiweka miwani mezani.

"Si ungeniomba tu siku, jameni! Bibi akija, wewe unabaki nyumbani, unalipa kwa kazi ya Jumapili moja. Mbona unapindua dunia?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema asante. Badala yake nilisema, "Siombi ruhusa, mama. Huu ni mfumo." Akakunja karatasi zangu vizuri, akanirudishia.

Nikabaki na tumaini moja, kikao cha waandishi Bungoma, Jumapili iliyofuata, ambako ningeisoma mbele ya watu. Misikhu iko njiani, nikashuka kuwasalimu wakwe. Kwao mama mkwe na mkwe hawapeani mkono wala hawakai pamoja. Nikawekewa kiti nje, yeye akaongea kutoka jikoni, ukuta wa udongo kati yetu.

"Mkwe, kumbe leo umekuja! Mwenzako ametangulia kanisani, utamkuta akirudi."

"Yuko hapa?"

"Si yeye huja kila Jumapili? Tangu palilio la kwanza, walipomkubalia Jumapili zake. Namuuliza, bwana yako? Anasema uko na kazi." Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria. "Hakukuambia?"

Mahindi ya kwao yalikuwa yamekauka tayari kuvunwa. Nilihesabu nyuma kwa mahindi hayo, nikafika kwenye Jumapili ya parachichi.

Sikumngoja. Bungoma niliisoma kalenda yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Walinipigia makofi.

Jumapili ya pili gambuti ziligongwa kwenye ngazi. Nilikuwa nimesafisha meza.

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza.

"Nilikuja kukuambia." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilienda kwa mkubwa wangu nikamwambia, nina mtu nyumbani. Maneno matatu tu. Akanipa Jumapili. Nikaja mbio. Ukaniambia siko."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Nikakaa masaa manne nikingoja uinue kichwa."

"Nitaomba siku kesho. Mama wa kiwandani amesema atanipa."

"Omba. Utapata za kuandika kile kitabu." Hakusema kwa ukali, ukali ungenipa mahali pa kushika. "Nimehamishiwa Kapsokwony. Mwenyewe niliomba. Naanza mwezi ujao."

"Mwezi upi?"

Swali hilo lilinitoka bila kufikiri: wa kalenda yangu au wa watu. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikiharibu kitu alichokwisha kukiacha nje. Alikunja leso zake mbili na sweta. Kalenda yangu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, hakuiangalia. Kisha akavaa gambuti humohumo ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, tope likabaki sakafuni hadi mlangoni.

Alitoka. Akaufunga mlango taratibu, bila kishindo, kama anavyoufunga mtu anayejua kwamba ndani kuna mwingine anafanya kazi.