Funda Moja la Maji

Kila nikiosha mchele, ile harufu ya gunia ikinipanda puani, namuona dada yangu amechuchumaa ukumbini, kipande cha mkaa mkononi, sakafu imejaa sifuri.

Siku hiyo mama alikuwa ameshinda kwenye foleni ya mchele tangu alfajiri, akarudi na vibaba viwili. Dada, aliyekuwa akisoma sekondari, akateka mchele kwa kikombe cha kahawa, akahesabu punje moja moja. Kisha akawa anazidisha kwa mkaa: kutoka kikombe akapata kibaba, kutoka kibaba akapata pishi, kutoka pishi gunia. Sifuri zikafika mlangoni.

"Unafanya nini na chakula chetu?" mama akauliza.

"Natafuta ukubwa wa moli, mama. Ni idadi ya vichembe vya kitu, vidogo hata havionekani kwa macho. Funda moja tu la maji lina moli nzima. Lau kila kichembe cha funda hilo kingekuwa punje ya mchele, mchele ungefunika dunia yote, nchi kavu na bahari, ukapita mapaa yetu."

Mama akautazama mtungi, akautazama ungo wa mchele.

"Na mchele wote huo uko wapi?"

"Haupo, mama. Ni mfano tu."

"Basi rudisha huo wa kikombeni. Nnataka kupika."

Mimi sikufahamu kitu. Vichembe visivyoonekana, vipi vifunike mapaa? Na kama mchele haupo, dada alikuwa akihesabu nini?

Tulipokwisha kula, na sahani tumeshazilamba, nilikwenda mtungini. Nikapiga funda moja, nikalishikilia mdomoni, nikalimeza polepole. Kisha nikakaa kitako, nikangoja kushiba.