Ufunguo Uliolala Bungoma

Kuna mtu mmoja hapa Kitale nilimdharau mpaka nikaogopa dharau yenyewe itanitia dhambini. Ndiye mshika ufunguo wa msikiti wetu mdogo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, naye aliuning'iniza kwenye mkanda wa suruali kama askari jela. Ukimwambia akachongeshe wa pili, anacheka. "Ati ufunguo wa nyumba ya Mungu ugawiwe kama peremende? Wacheni hizo, bana!"

Kuwafungulia watu Alfajiri ni thawabu, na thawabu hiyo hakutaka kugawana na mtu. Haya. Lakini bwana huyu ana wake wawili, mkubwa Kitale, mdogo Bungoma, na zamu ya Bungoma ikifika ufunguo ulikwenda naye. Msikiti uko Kitale, ufunguo umelala Bungoma. Lo!

Na maneno anayo! Baada ya Magharibi, sisi wanawake nyuma ya pazia, tulimsikia akitusomesha: rakaa mbili za kabla ya Alfajiri ni bora kuliko dunia na vilivyomo, anayeswali Alfajiri yumo katika dhamana ya Mwenyezi Mungu, anayeketi kumtaja Mola mpaka jua lichomoze, kisha akaswali rakaa mbili, ana ujira wa hija na umra. Yote kweli tupu. Kinywa ndicho kilichokuwa kibovu.

Baba yangu aliyashika. Kifua chake kilikuwa kibaya, na baridi ya Kitale haina huruma, lakini nikiamka namkuta ameshatawadha. Namshika mkono mpaka msikitini. Ikiwa ni zamu ya Bungoma tunakuta kufuli, na wazee wanaswali barazani juu ya magunia matupu ya mahindi. Baba alibaki hapo hapo, tasbihi ndani ya koti, akivuta nyiradi katikati ya kikohozi mpaka jua litokeze upande wa Cherangani. Nikianza kumtukana yule mtu, ananinyamazisha.

"Usiniharibie asubuhi, mwanangu. Ila ningependa kuswali ndani. Yale matofali nilibeba mimi."

Hilo tu ndilo alilotaka. Nikampelekea mshika ufunguo ombi la mzee, nikasema kwa adabu kabisa.

"Dada, subira ni nusu ya imani," akanijibu. "Si hata baraza ni msikiti?"

Mwone! Barazani mwenyewe hajawahi kupiga goti.

Baba alifariki nyumbani, alfajiri ya masika, nyiradi bado mdomoni. Jirani zetu Wakristo ndio waliotangulia kufika, wakateka maji bila kuulizwa. Wanaume wakaenda kuchukua jeneza la kumbebea. Jeneza lilikuwa ndani ya msikiti, na ufunguo ulikuwa Bungoma. Wakapiga simu, haishikwi. Wakapiga tena, imezimwa. Jirani mmoja akaenda kwake, akarudi na mtaimbo.

Hivyo ndivyo baba alivyoingia. Alilazwa mbele ya safu ya kwanza, kwenye mkeka mkavu, akaswaliwa.

Mshika ufunguo alitokea watu wakiwa wanatoka, viatu vinang'aa, ufunguo unalia kiunoni. Akaitazama kufuli chini, kisha akanitazama mimi niliyesimama barazani.

"Nani amevunja huu mlango? Si mngengoja?"

"Ni baba," nikamwambia. "Alingoja."