Jedwali Lililopimwa kwa Kidole cha Askari

Habari ya kifo chake ilinikuta gulioni Nyakahura, nikibishana bei ya mkungu wa ndizi na mama mmoja ambaye hakuwa na nia yoyote ya kupunguza. Simu ililia, na mpwa wa marehemu akasema kwa utulivu, "Shikamoo mzee. Mjomba ametutoka alfajiri." Nikalipa bei ile ile niliyokuwa nikiikataa, nikarudi garini, nikakaa. Wasomaji wangu wa kila wiki mnanijua kuwa machozi yangu hayako karibu. Siku hiyo yalikuwa karibu. Marehemu alikuwa mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi Biharamulo, Mhangaza wa Mabawe, Ngara, mkali wa ulimi na mchoyo wa chaki, na kama leo ninao mkono wa kuandikia safu hii, ni kwa sababu yake. Nilikwenda Mabawe kuzika. Ratiba ya mazishi ilikuwa imechapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, saa upande huu na shughuli upande ule, bila mstari wa kuviunganisha, na mshereheshaji akaita kwaya wakati wa salamu za ukoo. Nikacheka peke yangu, na watu wakaniangalia vibaya. Hawakujua kuwa yule tuliyekuja kumzika angeinuka na kudai ile karatasi iandikwe upya.

Maana huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Wengine wana ugonjwa wa pombe, yeye alikuwa na ugonjwa wa majedwali. Ratiba ya vipindi, mgawanyo wa zamu za shamba la shule, orodha ya majembe, chochote chenye safu na mistari kilipita mikononi mwake kwanza, ama sivyo kingebanduliwa ukutani mbele ya aliyekibandika. Mwalimu mkuu alimwogopa kuliko alivyomwogopa mkaguzi. Tulimtania sana ofisini, na mimi nilikuwa kiongozi wa watani, mpaka aliponieleza ugonjwa huo aliupata wapi. Ulianza wakati wa vita. Vijana wa mgambo wa kwao walikuwa wamekwenda mstari wa mbele, na mapigano yalipokwisha, ofisi fulani huko ikabandika orodha ya majina yenye safu tatu: waliorudi, walio kambini, walio hospitali. Badala ya maneno, kila jina liliwekewa alama ya vema kwenye safu yake, na majina yalibanana kiasi kwamba alama moja ingeweza kuwa ya mtu yeyote kati ya watatu.

Shangazi wa marehemu alikuwa na mtoto wa kiume katika orodha ile. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, darasa la ngumbaru, na alisoma kama walivyosoma wote waliojifunza ukubwani, yaani kwa kidole. Alitafuta jina la mwanawe, akaliona, akaanza kusukuma kidole kuelekea kwenye safu. Kidole kilikuwa kimekomazwa na jembe, kikafunika mistari miwili kwa pamoja, na kilipofika mwisho kilikuwa kimeshuka kwa jirani. Alama aliyoikuta ilisema amerudi. Mama yule akachemsha ndizi na maharage, akafunga kwenye jani la mgomba, akaenda kusubiri malori ya askari barabarani. Akasubiri mpaka chakula kikachacha, na kesho yake akachemsha kingine. Mwanawe alikuwa hospitali na mguu mmoja. "Nilikwenda kuitazama ile orodha," marehemu aliniambia. "Hakuna aliyedanganya. Kila alama ilikuwa ya kweli. Nikamwambia katibu, ndugu, hapa hamkuandika orodha, mmetega mtego." Alifukuzwa ofisini kwa maneno hayo.

Sipendi watu wanaoikumbuka enzi ya Ujamaa kana kwamba ilikuwa asali tupu, wala wale wanaoikumbuka kana kwamba ilikuwa shubiri. Lakini jambo moja nitalisema bila kuuma maneno. Tuliwafundisha wazee wetu kusoma, jambo kubwa sana, halafu maofisini tukaendelea kuandika kana kwamba wanaosoma ni sisi kwa sisi, tuliozoea karatasi tangu utotoni. Tulimpa mkulima ufunguo, kisha hatukujisumbua kuangalia kama unaingia kwenye kufuli. Mwenye kulitambua hilo katika wilaya zetu mbili alikuwa mtu mmoja mwenye kero, na tulimwona kero kweli, mimi wa kwanza.

Basi ukaja uchaguzi wa kwanza baada ya vita. Vijana watakumbushwa kwamba chama kilikuwa kimoja, lakini ubunge ulishindaniwa na watu wawili wa chama hicho hicho, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Mwaka ule mgombea wa jembe alikuwa mwenyeji wa upande wa Nyakahura. Wa nyumba alipendwa sana Bisibo, kwa sababu ambazo sasa nimezisahau ila ugomvi wake sijausahau. Walimu tuliazimwa kusimamia vituo. Mimi nikapangiwa Bisibo. Marehemu akawekwa bomani kusaidia hesabu, kwa kuwa ni mtu wa Ngara na hakuwa na ukoo upande wowote. Kura zikapigwa kwa amani, nikapanda lori na sanduku langu, likiwa limefungwa kwa lakiri mbele ya watu wote. Na Mungu ana mzaha wake, kwani tairi lilipasuka hapo hapo Nyakahura, mbele ya duka la ushirika, na tukakaa tukiliziba huku nusu ya wapenzi wa jembe wakitupa pole na kutuletea maji ya kunywa. Nilikuwa nimelikalia lile sanduku muda wote. Lakini nani angeniamini?

Matokeo yalipokamilika, msimamizi mkuu aliagiza yapigwe chapa kwenye stensili na karatasi moja ibandikwe nje ya boma. Marehemu alikuwa ameomba apewe siku moja aandike jedwali la watu kusoma. Alijibiwa kwamba mkoa unasubiri, na kwamba namba ni namba. Karatasi ikabandikwa: vijiji vikifuatana kama lori lilivyovipitia, mistari imebanana, majina ya wagombea juu kabisa kwa herufi ndogo, alama ya jembe wala nyumba hakuna. Bisibo ilikuwa juu ya Nyakahura. Asubuhi hiyo walikuja watu wa Bisibo, na wakamtanguliza mama mmoja mwenye cheti cha ngumbaru ambaye kijiji kizima kilimwamini kwa mambo ya kusoma. Akaweka kidole penye Bisibo, akasoma kwa sauti, na kidole kikashuka. Akawasomea kura za Nyakahura. Kwa masikio yao wakasikia kwamba kijiji chao kizima kilimpa jembe.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ninaiheshimu methali hiyo, ila siku ile lilisemwa jambo ambalo halikuwepo wala halikuwa njiani. Lilisemwa kwamba sanduku lilibadilishwa Nyakahura, tairi lilikuwa hila, na mwalimu aliyelisindikiza amelipwa. Kabla jua halijapanda sawasawa, uwanja wa boma ulikuwa umejaa. Walikuwemo vijana waliotoka vitani, waliozoea kupiga hatua pamoja, na fimbo zao hawakuzishika kama watu wanaochunga ng'ombe. Nilikuwa nimekuja kuchukua posho yangu. Askari akanivuta ndani, akaniingiza chumba cha nyuma na kunifungia kwa ajili ya usalama wangu. Dirisha lilikuwa dogo, lenye nondo, likichungulia kibaraza kwa ubavu, na kupitia hapo nilisikia kila neno. "Mtoeni huyo mwarimu," sauti moja ilikuwa ikirudia bila kupaza. "Mtoeni tu. Tunataka kumuuliza." Kutopaza kwake ndiko kulikonitia hofu. Mke wangu alikuwa mjamzito, na niliwaza ni nani atakayempelekea habari.

Msimamizi alitaka kipaza sauti, asome matokeo upya kutoka kibarazani. Marehemu akamwambia, "Wamekwisha kusikia, mzee. Kusikia ndiko kumewafikisha hapa. Sasa waone." Karatasi za manila hazikuwepo, maana baada ya vita hata sabuni ilikuwa hadithi, kwa hiyo akabandua ukutani bango kubwa la kilimo cha pamba, akaligeuza na kulitandaza sakafuni, mlangoni pa chumba nilichofungiwa. Rula haikuwepo, akatumia ubao wa kifuniko cha sanduku la kura. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, na wasomaji wangu, sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia rafiki yangu dakika zile. Jiwe la kwanza liligonga bati. Yeye akainua kichwa, akamwita yule askari. "Afande, ulikuwa unalima kabla ya kazi hii?" Askari akasema ndiyo, nyumbani kwao Bwanga. "Lete kidole." Akakilaza kidole cha askari juu ya bango, akachora mstari juu yake na mstari chini yake, akaacha na nafasi kidogo, na huo ndio ukawa upana wa kila kijiji. Jiwe la pili likagonga. "Andika haraka, utaniua," nikamwambia kwa upenyo. Juu ya safu ya kwanza alichora jembe, juu ya pili akachora nyumba, na kura zilizoharibika akazitenga mbali pembeni kwa mstari mnene. Kila namba aliiandika, akairudia kwa kuinong'ona, akaitazama tena kwenye karatasi ya stensili, ndipo akaenda kwa inayofuata.

Alipotoka nje na bango, kelele zilipungua kwa udadisi tu. Nikapanda juu ya meza iliyokuwemo chumbani nione vizuri. Alilitundika kwenye ukuta wa kibaraza, akamtafuta kwa macho yule mama mwenye cheti. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Tusomee."

"Nisome nini tena, mwarimu?" alisema yule mama, naye hakuwa mjinga. "Ninyi mmeingia ndani mkaandika ingine. Mnataka nisome uwongo mpya?"

Hapo nilikata tamaa, kwa sababu alikuwa na haki. Marehemu akaibandua ile karatasi ya kwanza, akampa mkononi. "Ya zamani hiyo hapo, shika wewe. Mpya hii hapa. Linganisha namba kwa namba, kijiji kwa kijiji. Ukikuta hata moja imehitilafiana, mwalimu mwenzangu yuko ndani, ni wenu."

Nilimsikia msimamizi akisema, "Wewe, umepata wazimu?" Mama akapanda kibarazani. Akaanza juu kabisa, kijiji cha kwanza, kidole kikipita polepole kati ya mistari miwili bila kuigusa. Vijana wakasogea. Kwa kila kijiji alisimama, akainamia karatasi ndogo, akarudi kwenye bango, na kila aliposimama nilihisi moyo wangu nao unasimama ukimsubiri. Nilimjua marehemu kuwa mwangalifu, lakini mtu anayeandika huku mawe yanagonga bati anaweza kuandika tatu mahali pa nane. Mama akafika Bisibo. Kidole kikapita chini ya jembe, namba ndogo. Kikaenda hadi chini ya nyumba, kikatulia.

"Zipo," alisema. Kisha akaigeukia karatasi ya stensili, akaitazama muda mrefu. "Hata huku zipo. Nilishuka kwa Nyakahura."

Hakuna aliyemcheka. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo nyumba ameshinda?" Mama akaendelea kushuka hadi mstari wa mwisho, penye jumla, akazisoma zote mbili. Nyumba alikuwa ameshindwa, na kwa mbali. Hapa ndipo nilipodhani fujo itaanza upya, kwa kuwa watu walikuwa wametoka mbali na hasira yao ilikuwa haijapata pa kutua. Yule mama akashuka kibarazani, akajifunga khanga yake vizuri. "Tumeshindwa," akawaambia. "Kura zetu hazikuibwa. Twendeni, kuna kazi nyumbani." Wakaondoka kwa makundi, wengine wakipita kwanza ukutani kuweka vidole vyao wenyewe. Sauti ile isiyopazwa iliuliza kwa nini tangu mwanzo waliandikiwa kwa namna ya kuwachanganya. "Hilo waulizeni waliomo ndani," marehemu akajibu. "Hata mimi nataka kujua." Kwa jibu hilo hakupata shukrani ya mtu yeyote, na muhula uliofuata alihamishiwa shule ambayo hata barabara ilikuwa haijaisikia.

Siku hizi namba zinatufikia kwenye simu kabla hata wino haujakauka, za vyama vingi na majimbo mengi, zimepangwa kwa herufi ambazo mimi na miwani yangu hatuzifikii. Wakubwa hulalamika kwamba wananchi wanaamini uvumi. Nami huwauliza, mmewapa kitu gani kingine cha kushika? Mtu hushindwa akalala usingizi, nimeshuhudia. Asichoweza kukivumilia ni kuambiwa ameshindwa na asionyeshwe mahali alipo yeye na kijiji chake katika hesabu hiyo.

Kwa muda mrefu sikumsamehe kwa kuniweka rehani. Mara moja, tukiwa wazee tayari, nilimwuliza angefanya nini kama angekuwa amekosea namba moja tu. Alifikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Ningekuwa nimekosea," akasema, "na wao wangekuwa na haki ya kukasirika. Ndiyo maana sikuharakisha." Nilikasirika nikaondoka bila kumaliza chai. Tangu tumfukie pale Mabawe nimekuwa nikijiuliza ni nani, kati ya wote wanaotuandikia namba leo na kututaka tuziamini, angethubutu kusimama kibarazani na kusema linganisheni, huku rafiki yake pekee amefungiwa chumba cha nyuma.