Kaka Anajisifu kwa Picha Ambayo Kamera Yake Haikupiga

Admin, naomba ufiche jina langu na la hoteli ninayofanya kazi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, niko Juba. Nililelewa Nakuru, tukarudi huku baada ya amani kutiwa sahihi, na sasa niko mapokezi katika hoteli moja ya mtaa wa Amarat. Sina mume, sina mtoto. Kitu ninachokipenda kwa moyo wote ni kupiga picha. Najua wengine mtacheka, wenzangu wanaleta shida za ndoa, mimi naleta shida ya kamera. Lakini nisomeni hadi mwisho.

Kwa miaka miwili nimetumia kamera ndogo ya mfukoni. Nje kwenye jua iko sawa. Ndani kwa nyanya yangu kule Gurei, pembeni mwa mji, ambaye sisi humwita Haboba, haifai kitu. Nyumba yake ni ya nyasi, ina dirisha moja dogo. Haboba hatoki nje tena, miguu imekataa, na flashi ikimpiga anageukia ukutani kwa sababu macho yanamuuma. Picha zake za zamani zilipotelea vitani. Yaani hatuna hata moja inayoonyesha uso wake. Nikaamua kuweka akiba ninunue DSLR, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Mgeni mmoja wa hoteli, Mkenya anayepiga picha za harusi, alinieleza vizuri: “Dada, usidanganywe na megapikseli, na usikimbilie lenzi ndefu. Wewe unataka kupiga ndani. Chukua kamera hata ya mitumba, lakini weka lenzi ya hamsini. Haivuti mbali, ila inaona gizani.” Aliniachia yake dakika kumi. Nilimpiga picha mpishi jikoni bila flashi, nikaona hadi jasho kwenye paji la uso wake. Siku hiyo nilijua ninachotaka.

Kaka yangu, nimwite Ladu, aliacha shule ili mimi nisome baada ya baba kufariki. Ninamheshimu sana. Aliposema anaenda Nairobi kikazi, nilimpa akiba yangu yote pamoja na karatasi: jina la kamera, jina la lenzi, na chini nikaandika kwa herufi kubwa, HATA KAMA IMETUMIKA. Alirudi anatabasamu, akafungua boksi mbele ya mama. Kamera mpya, nyeusi, kubwa. Nilishika lenzi niizungushe itoke. Haikutoka. Nikatafuta kitufe, hakuna. Ilikuwa imeungana na kamera yenyewe. Ni zile zinazofanana tu na DSLR!

“Ladu, hii siyo niliyokuandikia.”

“Ile ilikuwa imechakaa, dada yangu. Hii ni mpya, halafu ina zoom. Ukisimama huku unamwona mtu ng'ambo ya Nile!”

“Mimi sitaki mtu wa ng'ambo ya Nile. Namtaka Haboba.”

“Malesh, si kitu, utazoea,” akacheka. “Nyinyi wasichana mnasoma vitu kwenye intaneti, mnajifanya mafundi.”

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema asante.

Wiki mbili baadaye shangazi yetu, binti pekee wa Haboba, alifika bandarini na meli ya mizigo kutoka Kosti, kule Sudan. Alikuwa Khartoum tangu kabla sijazaliwa. Aliingia ndani kwa Haboba akapiga magoti, na Haboba akamshika uso kwa mikono miwili, akiupapasa polepole kama anausoma. Mimi nilikuwa hapo na kamera ya Ladu. Nikapiga, nikapiga. Zote zilitoka ukungu, nyuso kama moshi. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Wakadhani ni furaha. Ilikuwa hasira tupu.

Kesho yake nikaenda kwa Abdi, Msomali wa Eastleigh mwenye duka la simu hapa sokoni. Kwenye kabati lake la vioo kulikuwa na DSLR kuukuu aliyouziwa na khawaja mmoja, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ina lenzi ya hamsini, raba imebanduka upande mmoja. “Dada, una uhakika?” Abdi aliniuliza. “Yako ni mpya kabisa. Usije ukanililia hapa.” Nikamwambia, “Kalas, Abdi, nimeamua. Tubadilishane.” Nyumbani sikumwambia mtu.

Siku moja kabla shangazi hajarudi Khartoum, nilimkuta akimpaka Haboba mafuta miguuni. Nilikaa sakafuni, nikabana pumzi, nikabonyeza. Haboba alikuwa anacheka, mwanga wa lile dirisha umemwangukia shavuni, kila kunyanzi linaonekana. Nilisafisha mbili. Moja shangazi akaondoka nayo, nyingine tukaitundika nyumbani.

Sasa hapo ndipo shida ilipo. Ladu alipoiona ukutani alisimama muda mrefu, machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akilia. Halafu akanigeukia: “Unaona? Na ile yako ya mitumba ungepata picha kama hii?” Nilitaka kupiga kelele! Lakini alikuwa na furaha sana, nikanyamaza, na kunyamaza huko kunanila mpaka leo. Sasa kila mtu anaambiwa Ladu ndiye bingwa wa kuchagua kamera. Jumamosi tunaenda kwa wazazi wa mchumba wake, na ameniagiza nibebe kamera aliyoninunulia, wakwe waone jinsi inavyovuta mbali. Yangu haivuti hata hatua moja. Nimekimbia kwa Abdi, ile nyingine ameshaiuza.

Sijutii kuibadilisha, na hilo ndilo linanisumbua. Nikisema ukweli, namdharau mtu aliyenilea. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya wakwe, na picha ya Haboba itahesabiwa kuwa yake maisha yote. Nyinyi mliolelewa na kaka, niambieni, mazungumzo kama haya yanaanzia wapi? Nitasoma kila komenti. Ila tafadhali, msimtukane Ladu.